Orodha kwanza, kapu baadaye: mwongozo kamili wa kuchangisha na kugawa msaada kwenye mtaa mdogo wa kanisa, kama tunavyofanya huku Moshi

Bwana Yesu asifiwe. Nawaandikia wale mnaotaka kuanzisha huduma ya diakonia (yaani kuhudumia wahitaji) kwenye mtaa wenu au mlishaanza ikafia njiani, na nazungumzia mtaa mdogo kabisa, sisi huku Moshi upande wa chini tukijaa wote ni waumini kama 180, jumuiya 6 (vikundi vya nyumba jirani zinazosali pamoja), hatuna gari la kanisa, hatuna mfadhili wa nje, tuna mwinjilisti mmoja na kengele. (Kwa msio Walutheri, mtaa wa kanisa ni tawi dogo chini ya usharika, sio mtaa wa serikali, huko mbele nitataja vyote viwili msichanganye.) Mi ni katibu wa kamati ya diakonia mwaka wa 9 sasa, na karibu kila kitu nitakachosema hapa tulikijua baada ya kukosea.

Kosa letu la kwanza ndo lilinifundisha kuliko yote. Tulitangaza kwenye matangazo ya Jumapili "leteni chochote mlichonacho kwa ajili ya wahitaji", watu wakaleta kweli, magunia 11 ya nguo, viatu vingine mguu mmoja, masufuria yaliyotoboka, unga ukafika kilo 30 tu. Tukajaza ile stoo nyuma ya madhabahu, tukakaa kujiuliza sasa tunampa nani. Wakati bado tunajiuliza tukaja kusikia kwa jirani kwamba kuna mzee mmoja, nyumba ya nne tu kutoka kanisani, anaishi peke yake na amekuwa akilala na uji wa jana. Hakuhitaji shati. Tangu siku ile hatujawahi kutangaza kuchangisha bila kuwa na orodha mkononi, na kama utachukua neno moja tu kwenye mwongozo huu chukua hilo.

Kabla ya yote, kibali na kamati

Usianze kuchangisha kwa moyo tu. Peleka wazo kwenye baraza la wazee, lijadiliwe, liandikwe kwenye muhtasari, mchungaji wa usharika ajue. Sio urasimu, ni kwasababu siku pesa ikipungua au mtu akilalamika huo muhtasari ndo unaokutetea, alafu kanisani kuna sadaka nyingi zenye utaratibu wake, ukiingiza ya kwako kimyakimya unagongana na ya ujenzi na watu wanaona kama wanakamuliwa.

Kamati yetu ni watu 7, mmoja kila jumuiya halafu mwinjilisti. Namba hiyo imekuja yenyewe lakini huwa nafurahi nikikumbuka Matendo ya Mitume sura ya 6, pale wajane wengine walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku wakachaguliwa watu 7 wasimamie. Manung'uniko ya mgao ni ya zamani, usishtuke yakija kwako. Chagua watu wanaojua majumbani kwa watu, na huku kwetu hao mara nyingi ni akina mama, ongeza kijana mmoja anayeweza kuandika vizuri na kupiga hesabu, na kama kuna muuguzi au mwalimu mstaafu mshike. Kitu kimoja msikikubali kabisa: mtunza pesa kuwa ndo huyo huyo mtunza stoo. Hata kama ni malaika. Mnamlinda yeye.

Orodha

Hapa ndo pa kutumia muda, sisi tunatumia wiki 3 mpaka 4, na wengi wanaruka.

Kila mjumbe anarudi kwenye jumuiya yake na kuuliza kwa utulivu, sio kwa tangazo, ni nyumba zipi zina shida. Sema wazi kwamba haulizi za waumini tu. Huku chini, Pasua, Njoro, Majengo, tunaishi Wakristo na Waislamu ukuta kwa ukuta, na tunamtafuta pia mwenyekiti wa mtaa wa serikali, mhudumu wa afya ngazi ya jamii (hawa wanajua mambo ambayo hata mchungaji hajui), na mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo jirani maana mwalimu anajua mtoto gani anasinzia darasani saa 4 asubuhi na kwanini. Mwaka mmoja imamu wa msikiti wa jirani ndo aliyetuletea majina mawili na lile la kwanza lilikuwa la muumini wetu sisi wenyewe, mama ambaye alikuwa ameacha kuja ibadani kwasababu hana nguo ya kuvaa na hatukumtafuta.

Kisha mnatembelea. Watu wawili, mwanamke na mwanaume au wanawake wawili, msiende watano mkaonekana kama kikao cha harusi. Mkifika piga hodi, shikamoo, kaeni, ongeeni habari za kawaida kwanza, shamba, miguu inaumaje, wajukuu wako wapi. Kuuliza moja kwa moja "mna shida gani" kunamfanya mtu ajibu "tupo tu tunamshukuru Mungu" na ukiondoka hujajua kitu. Sisi tunauliza hivi: jana mlikula nini, na mnapikia nini, nani analala hapa, kuna dawa mnazotumia kila siku, mtoto yupo darasa la ngapi na leo ameenda? Swali la mnapikia nini tulilikosa miaka miwili. Tulimpelekea bibi mmoja unga na maharage makavu, wiki mbili baadaye tukakuta maharage yale yale kwenye ndoo, akatwambia kwa upole mwanangu maharage haya yanataka kuni za siku nzima na mimi kuni sina wa kuniletea. Sa hivi yeye anapata mkaa na dagaa. Mzee mwenye kisukari usimpelekee sukari kilo 2 kwasababu tu kila furushi lina sukari.

Andika kila kaya kwa mahitaji yake. Kwetu tuna makundi matano, chakula, matibabu, shule, nyumba (paa linavuja, mlango hamna), na la tano ni upweke. Msilidharau hilo la tano, kuna wazee wana watoto Dar wanaotuma pesa kila mwezi kwenye simu na hawana wa kuwachotea maji wala wa kuongea nao tangu Jumatatu mpaka Jumapili, na hao msaada wao ni kijana wa kipaimara anayekuja kila Jumamosi.

Na orodha ni siri. Ndani yake kuna magonjwa ya watu, kuna nani anatumia dawa gani, kuna ndoa zilizovunjika. Kwetu ina nakala mbili tu, moja kwangu moja kwa mwinjilisti, kwenye kikao cha kamati tunataja namba, kaya namba 7, kaya namba 15. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023 na kanisa halijaachwa nje, lakini hata bila sheria, taarifa ya nyumba ya mtu ikizagaa kwenye grupu la WhatsApp la kwaya huwezi kuirudisha.

Msaada ambao hauna gharama, angalia huu kwanza

Kabla hujapiga bajeti pitia orodha tena ujiulize nani hapa hahitaji kitu bali anahitaji mtu wa kumsindikiza ofisini. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa matibabu kwenye hospitali za serikali, ila wengi hawana kitambulisho chake kwasababu hawajawahi kufika kwa afisa ustawi wa jamii au walifika wakaambiwa waje na barua ya mtendaji wakachoka. Mjumbe wako mmoja mwenye subira akimshika mkono akaenda naye asubuhi mbili amemsaidia kuliko viroba vinne vya unga. Hivyo hivyo kwa kaya zinazostahili kuingia TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini) na hazijulikani, na watoto wasio na cheti cha kuzaliwa.

Shule pia, ada ya shule za serikali ilifutwa mpaka kidato cha nne kuanzia 2016 na ikafika kidato cha sita 2022, kwahiyo mtu akiomba "ada ya mtoto" shule ya serikali kaa naye uelewe, mara nyingi kinachomkwamisha ni sare, viatu vyeusi, sweta, madaftari na mchango wa chakula cha mchana, na hivyo unaweza kununua mwenyewe dukani au kulipa moja kwa moja shuleni ukapewa risiti.

Kalenda, maana njaa ina mwezi wake

Huku Kilimanjaro Desemba watu wote wanarudi nyumbani, barabara ya kwenda Marangu na Rombo magari yamejaa, kila familia inachinja, na makanisa yote yanagawa zawadi za Krismasi. Ni vizuri. Lakini mwezi wa 3 mpaka wa 5 masika inapopiga, vibarua vingi vya ujenzi vinasimama, mahindi ya mwaka jana yameisha na mapya bado ni majani, maji yanashuka na mito kama Rau na Karanga yanatuama huku tambarare, Mabogini, Kahe, Chekereni, na hapo makanisa mengi hayagawi kitu kwasababu sio Krismasi. Sisi tulihamisha mgao wetu mkubwa kutoka Desemba kwenda wiki ya pili ya Aprili na kulikuwa na maneno, wazee wengine hawakupenda, wakiuliza Krismasi tutawapa nini, tukakubaliana Krismasi tunapeleka kilo moja ya nyama na mchele kwa wale wa upweke tu na kula nao.

Kwahiyo mwaka wetu unaenda hivi: Februari orodha, Machi kuchangisha pesa na mafuta na sabuni, Aprili kugawa. Juni na Julai baridi, blanketi na masweta hasa kwa ndugu zetu wa mlimani, Uru, Kibosho, kule wazee wanaumia kweli usiku. Julai mwishoni mpaka Septemba mavuno, hapo ndo mahindi ni bei ya chini na watu wanayo, ndo mwezi wa kukusanya mahindi ya Aprili ijayo, sio kusubiri Machi ununue kwa bei ya juu. Desemba katikati sare na madaftari ili Januari mtoto aanze na wenzake. Ramadhani tunaangalia inaangukia wapi, kaya za Kiislamu kwenye orodha tunazifikishia kabla mwezi haujaanza.

Furushi na hesabu yake

Tuseme orodha imetoka na kaya 24 za chakula. Furushi la kaya moja kwetu ni unga kilo 10, maharage kilo 3, mafuta lita 1, sukari kilo 1, chumvi pakiti 1, sabuni ya mche 1. Zidisha: unga kilo 240, maharage 72, mafuta lita 24, sukari 24, chumvi 24, miche 24. Gawa kwa jumuiya 6, kila jumuiya inadaiwa unga kilo 40, maharage kilo 12, na vilivyobaki vinne vinne. Sasa jumuiya yenye nyumba 8 ikisikia "kilo 5 za unga kila nyumba" inaweza, inajua mwisho wake, inakaa Jumamosi asubuhi baada ya neno wanagawana nani analeta nini. Ukisema "toeni kadiri Bwana alivyowajalia" kwenye vitu vya chakula unaletewa chumvi pakiti 60 na mafuta lita 3, nimeyaona mwenyewe.

Wale kaya wenye mahitaji tofauti (mkaa badala ya maharage, hakuna sukari, mtu anahitaji pampasi za watu wazima) unawahesabia pembeni kwa pesa.

Mkiweza pateni mahindi badala ya unga. Dona kilo 240 inatoka kwenye mahindi kidogo tu zaidi ya hapo, sembe utapoteza pumba nyingi, weka kama robo, ila pumba zinauzika kwa wafuga kuku na nguruwe na pesa inarudi kulipa mashine. Kama mna ndugu wanaolima mpunga Lower Moshi ombeni mchele wakati wa kuvuna, wanatoa kwa moyo sana wakiombwa shambani kuliko wakiombwa kanisani.

Pesa, na mnada

Mgeni akija kuabudu Uchagani anashangaa akitoka nje ya kanisa anakuta mnada, ndizi mshare mkungu mzima, trei ya mayai, jogoo amefungwa miguu, parachichi, lita za maziwa, na mzee mwenye sauti anapandisha bei. Hivi ni vitu ambavyo watu wametoa sadaka kwasababu hawana fedha taslimu, na ndo maana mnada ni chombo kizuri kwa diakonia, unamwezesha mama mwenye kuku wawili kutoa sawasawa na mwenye duka. Sisi tumeomba Jumapili moja kwa mwezi mnada wote uwe wa diakonia. Wapo wanaonunua mkungu kisha wanaurudisha uuzwe tena, mwaka juzi mkungu mmoja ulinunuliwa mara 5.

Utaratibu ni huu: kila kitu kinaandikwa kwenye daftari kabla hakijanadiwa, bei ya mwisho inaandikwa hapo hapo, pesa inapokelewa na mtu mwingine sio mnadishaji, na anayesema "nitalipa kesho" anaandikwa safu ya pembeni. Ahadi sio pesa. Usipige bajeti ya mahindi kwa ahadi, tuliwahi kufanya hivyo tukaenda sokoni na pesa nusu. Mwisho wa mnada watatu wanahesabu, wanasaini, na mzee wa zamu anatangaza kiasi palepale kabla watu hawajatawanyika. Jumatatu inaenda benki, akaunti ya kanisa, watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa.

Michango ya kwenye simu tumieni lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, sio namba ya katibu. Hata mimi waliniomba mwanzoni nikakataa, kwasababu ukichanganya pesa ya wajane na pesa yako ya vocha kwenye laini moja, siku ya kuulizwa hutaweza kujieleza hata kama hujala shilingi. Mtume Paulo mwenyewe alipokuwa anapeleka mchango wa Makanisa kwa watakatifu aliona ajizungushie na wenzake ili mtu asimlaumu, soma 2 Wakorintho 8:20-21 mbele ya kamati siku ya kwanza.

Kwa walio mbali, watoto wa mtaa walioko Dar, Arusha, nje ya nchi, andaa meseji moja fupi yenye namba: kaya ngapi, furushi lina nini, furushi moja linagharimu kiasi gani leo sokoni, mwisho lini. Watu hununua furushi moja, mawili, wanajua walichofanya.

Na wafanyabiashara wa Mbuyuni na Soko la Kati, waendee asubuhi kabla hawajabanwa, na barua yenye mhuri, uombe bei ya jumla au kiroba kimoja, sio "chochote". Akikataa mshukuru na umsalimie wiki ijayo vilevile.

Kupokea na stoo

Mizani. Nunueni au azimeni mizani, msipokee kwa debe, debe lililofutwa juu na lililojaa kichwa yanatofautiana kilo kadhaa na mtu mmoja anaona mwenzake ameonewa. Kila kinachoingia kinaandikwa jina, kitu, uzito, kila kinachotoka hivyo hivyo, mlango una kufuli na funguo mbili kwa watu wawili.

Mahindi ya kukaa mpaka Aprili lazima yawe makavu kweli. Kipimo cha nyumbani, chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi kiganja kimoja na chumvi kavu kidogo, funika tikisa dakika kama mbili, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa bado yana maji, rudisha juani. Yenye ukungu, yaliyobadilika rangi, usiyapokee, usiyachanganye, na usiseme "yatakobolewa", sumukuvu imeshaua watu nchi hii, mwaka 2016 Dodoma na Manyara walizika watu, na maskini hatakiwi kula kitu ambacho mtoaji ameshakiona hakimfai. Kwa kuhifadhi tunatumia ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, unafunga kila tabaka peke yake, haihitaji dawa ya wadudu, na unaiweka juu ya mbao mbali na ukuta. Maharage vilevile.

Mafuta ya kula yapokee yakiwa yamefungwa toka kiwandani tu. Dawa za hospitali usipokee hata vidonge vinavyoonekana vipya, pesa ya dawa ndiyo.

Nguo nimeziacha mwisho makusudi. Hapa Moshi shati la mtumba kwenye soko la Memorial linapatikana kwa bei ndogo, kwahiyo nguo sio kitu ambacho kimepungua mjini kwetu, kilichopungua ni sweta zito, blanketi, sare za shule na viatu vizima vya mtoto. Hivyo tu ndo tunapokea kwa ajili ya kugawa. Nyingine zote nzuri tunaziuza kwenye mnada wetu wa nguo Jumamosi moja, bei ya chini sana, mama anachagua mwenyewe anachokipenda analipa anaondoka kifua mbele, na pesa inanunua mafuta. Nguo za ndani zilizovaliwa hapana, TBS (shirika la viwango) walishazipiga marufuku kwenye mitumba na sisi hatutakuwa wa kuzigawa kwa jina la Yesu.

Siku ya kugawa

Hatupangi watu foleni. Mwaka wa kwanza tulipanga, benchi nje ya kanisa, mahubiri, majina yanasomwa kwa spika, mtu anasimama anakuja mbele anapokea kiroba wanapiga makofi. Na picha. Picha moja ya bibi ameshika unga ikazunguka kwenye magrupu ikamfikia mjukuu wake anayesoma sekondari, wenzake wakamtania, akaacha kwenda shule siku tatu. Bibi hakutulalamikia, alikuja tu mlangoni kwangu jioni akaniambia mama, mwaka kesho msiniandike. Nililia. Nilienda kwa yule kijana mwenyewe nikamwomba msamaha na mwinjilisti alikuwepo.

Sasa tunapeleka nyumbani. Ijumaa usiku kamati inafunga mafurushi kwenye viroba vya kawaida au ndoo (mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019 kwahiyo msijaribu hata kidogo), hakuna nembo ya kanisa, kila kimoja kimeandikwa namba ya kaya tu. Jumamosi jioni kwenye saa 11 tunakodi kirikuu kimoja, kinashusha kwa mjumbe wa kila jumuiya, na wajumbe wawili wawili wanapeleka giza likiwa linaanza kuingia, kwa mguu au bodaboda, kama mtu anayepeleka mzigo kwa ndugu yake. Mnakaa robo saa. Mnasalimia, mnauliza kama ile dawa ilipatikana, mkiombwa mnasali, msipoombwa kwenye nyumba ya Mwislamu mnaaga kwa heshima. Hakuna sharti la kuja kanisani, wala msilidokeze hata kwa mzaha, chakula kikishakuwa na sharti kimekuwa mshahara. Mpokeaji anasaini au anaweka dole gumba kwenye karatasi yake peke yake, isiwe karatasi moja yenye majina ya wote, maana anayesaini wa mwisho atakuwa amesoma majirani wote.

Picha hatupigi za watu. Mtoaji wa Dar akitaka ushahidi tunampigia picha mafurushi yamepangwa stoo na tunamtumia hesabu. Mtoto ndo kabisa, mlindieni faragha yake, maana akikua atazikuta hizo picha.

Wekeni akiba, furushi 2 au 3 zaidi ya orodha. Lazima kuna nyumba mtaikuta njiani.

Hospitali, gereza, vituo vya watoto

Hizi nitapita haraka. KCMC na Mawenzi nendeni saa za kuona wagonjwa, msiingie kwaya nzima wodini, muoneni kwanza muuguzi wa zamu awaambie nani hana ndugu. Watu wanasahau wanaouguza, wale mama waliotoka mbali wanaolala nje kwenye korido, hao wanahitaji kanga, sabuni, beseni, na chakula cha moto, tukiwapikia mtori wa ndizi tunabeba kwenye hotipoti wanafurahi mno. Mkimlipia mtu bili lipeni wenyewe dirishani kwa namba ya malipo, mbaki na risiti.

Gereza la Karanga barua inatangulia kwa mkuu wa gereza wiki kadhaa kabla, ikitaja majina yenu na vitu mnavyoleta, na mkiambiwa kitu fulani hakiingii msibishane.

Vituo vya watoto, pitieni kwa ustawi wa jamii kwanza mjue kimesajiliwa. Na mimi msimamo wangu, ambao sio wote kwenye kamati wanaukubali, ni kwamba pesa ya kumbakiza mtoto kwa bibi yake, sare na unga na godoro, iende kabla ya pesa ya kituo.

Kurudisha taarifa

Jumapili inayofuata, kwenye matangazo, katibu anasoma: zimeingia kilo kadhaa, zimetoka kilo kadhaa kwa kaya 24, pesa ilikuwa kiasi hiki, imetumika hivi, stoo imebaki hivi. Hakuna jina hata moja la mpokeaji, na watoaji sisi hatuwataji pia isipokuwa jumuiya kwa ujumla. Karatasi inabandikwa ubaoni mwezi mzima na risiti zipo kwa mtunza hazina, yeyote anaweza kuja kuziangalia akiwa amevaa miwani yake. Kiasi kikipungua semeni kimepungua, mwaka mmoja panya walikula kilo 14 za mahindi, tukatangaza panya wamekula kilo 14, tukanunua mbao za kuinulia mifuko.

Ndani ya wiki mbili wajumbe wanarudi kwenye zile nyumba mikono mitupu, makusudi mikono mitupu, kuuliza kitu gani kilifaa na kipi hakikufaa. Majibu ndo yanaandikwa pembeni ya namba ya kaya kwa ajili ya Februari. Wapo mnaowatoa kwenye orodha kwasababu kijana amepata kazi au mama ameanza genge, msiwatoe kimya, nendeni mkaongee nao kwanza. Mwaka huu tulitoa 5 tukaongeza 8, na kaya namba 7 ametuambia maharage abaki nayo jirani yake, yeye tumletee mafuta ya kupaka miguu na mtu wa kumsomea barua.